Mwasumini wako una nini? Soma dalili kabla ya kukimbilia mbolea

Mara nyingi swali huja jioni, na huja na tawi mkononi. "Mwanangu, hebu nitazamie huu mwasumini wangu, umekuwaje?" Anayeuliza huwa ni mama mtu mzima ambaye miaka nenda miaka rudi alikuwa akichuma sahani nzima ya vitumba kila alasiri, akavitunga kikuba, kishada cha kuvaa, kwa rehani na mkadi. Sasa anauzunguka mti mzima na kurudi na vitumba vitano. Keshautia mbolea. Keshautia majivu. Anaumwagia maji asubuhi na jioni, na mti ndio kwanza unazidi kukonda.

Nikishaamkia, naomba jambo moja: tusiutie kitu kingine chochote kwa siku kumi. Tuusome kwanza. Mwasumini hausemi lugha moja kwa maradhi yote. Jani la chini likiugua, hilo ni neno moja; jani changa la juu likiugua, hilo ni neno jingine kabisa. Nimepanda miasumini Unguja, kwanza kwenye uwanda wa ndani wa nyumba ya Mji Mkongwe, kisha kwenye udongo mzuri wa shamba, na imani yangu ni hii: mwasumini mwingi unaoitwa mgonjwa hauna ugonjwa wowote. Umekaa kivulini, au umekaa kwenye chokaa, au unanyweshwa maji ya chumvi. Wadudu wapo, nitawafikia, lakini huja baadaye, mti ukiwa umeshachoka.

Kwa hiyo tawi lolote ninaloletewa hulijibu kwa maswali matatu. Jani linaloumwa liko juu au chini? Jua linaufikia mti saa ngapi kwa siku? Maji unayatoa wapi?

Kwanza, hakikisha ni asumini

Usinicheke kwa kuanza hapa. Mimi mwenyewe niliuziwa mche na muuzaji mmoja wa barabarani, nikautunza mwaka na zaidi nikingoja harufu. Maua yalipokuja yalikuwa meupe, mazuri, yamejikunja kama pangaboi, na harufu yake kidogo mno. Nilipovunja jani, utomvu mweupe kama maziwa ukanidondokea kidoleni. Asumini haina maziwa. Kile kilikuwa kichaka kingine cha bustani cha jamii ya msanapichi, ambacho watu wengi hukiita asumini kwa weupe wake tu.

Basi vunja jani. Likitoa maziwa, si asumini. Likiwa limegawanyika vijani vidogo vidogo kwenye kikonyo kimoja na ukilifikicha linanukia kama ndimu, si asumini. Hicho ni kichaka cha jamii ya mchungwa chenye maua madogo meupe, kinapendwa sana kwa ua wa kuzungushia nyumba. Ukiona maua membamba ya kijani yaliyopauka ambayo usiku yananukia hadi yanaumiza kichwa, si asumini pia. Mwasumini wetu, ambao wataalamu huuita Jasminum sambac, una jani zima, nene kidogo, linalong'aa, na majani hukaa mawili mawili yakitazamana kwenye kifundo, wakati mwingine matatu. Ni wa jamii moja na mzeituni, na asili yake ni upande wa India.

Tena ziko aina. Iliyo ya kawaida ina petali chache, inatambaa kidogo ukiiacha, na hutoa sana. Iko yenye petali tabaka mbili tatu. Iko ile yenye petali zilizoviringana kama waridi dogo, mti wake umesimama wima, mkaidi, unakua polepole. Kama wako ni huo wa mwisho, usiulinganishe na wa jirani. Utakupa ua moja pale mwenzake anapotoa kumi, na wakati wa masika maua yake hushika maji yakaoza yangali hayajafunguka vizuri. Hilo si ugonjwa.

Majani tele, maua hakuna

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote, na lina vyanzo vitatu vinavyopenda kutembea pamoja.

Cha kwanza ni kivuli. Mwasumini huvumilia kivuli, na uvumilivu huo ndio unaowadanganya watu. Utakaa chini ya mwembe miaka kumi, kijani kibichi, shingo ndefu, bila kutoa cha maana. Unataka jua la moja kwa moja saa sita kwa siku, zikipungua sana zisipungue nne. Usikadirie kwa macho. Siku moja usiyotoka nyumbani, chungulia kila saa kuanzia saa moja asubuhi uandike: jua lipo, jua halipo. Kwenye nyumba zenye kuta ndefu nimeona watu wakiapa kwamba mti wao una jua kutwa, tukihesabu tunapata saa mbili na nusu. Tena dunia haikai vile vile: wakati wa kipupwe jua limeelea upande wa kaskazini, na ukuta ambao mwezi wa Desemba haukuwa na shida unaweza kuutia mti kivulini mwezi wa Juni na Julai. Kama mti wako unatoa vizuri kaskazi na kunyamaza kabisa kipupwe, tazama ukuta kabla ya kutazama mizizi. Baridi nayo huupunguza, lakini haiunyamazishi.

Cha pili ni woga wa mkasi. Mwasumini hutoa maua kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi la zamani halikupi kitu. Linabeba majani tu. Mama aliyekuwa akichuma kila siku, akikata na vijitawi vyake vya kutungia, bila kujua alikuwa akiupogoa mti. Alipozeeka akaacha kuchuma, mti ukaacha kutoa. Watu wakasema mti umemsikitikia mwenyewe. Ni maneno mazuri, na sitaki kumkatiza anayeyasema, lakini mti ulikuwa unangoja mkasi.

Namna ninayofanya ni hii. Kila mkupuo wa maua ukiisha, nakata ncha zilizokwisha kutoa, nikirudi nyuma hadi kwenye vifundo viwili au vitatu. Halafu mara moja kwa mwaka nakata kwa nguvu, mwanzo wa Machi kabla masika hayajaanguka, au mwisho wa Septemba kungoja vuli. Nakata theluthi moja ya mti mzima, natoa matawi makavu, yanayosuguana na yanayokimbilia ndani. Wakulima wa Madurai kusini mwa India, ambao asumini yao ililindwa kisheria kwa jina la mji wao mwaka 2013, hukata zaidi yangu: wanaushusha mti mzima hadi sentimita 50 hivi kutoka ardhini, kila mwaka. Mti mzee ulio na mizizi mizima huvumilia hilo. Mti mchanga au ulionyong'onyea usiufanyie hivyo. Ukishakata, subiri. Maua yatakuja miezi miwili hadi mitatu baadaye, si wiki ijayo.

Cha tatu ni mbolea ya kukuza majani. Yuria, na samadi ya kuku mbichi, hutia naitrojeni kwa wingi, na mti ukishiba naitrojeni hauoni haja ya kutoa ua. Dalili yake: majani makubwa, laini, kijani cha kiza, na machipukizi marefu yasiyo na kitumba. Acha yuria kabisa. Samadi ya ng'ombe au ya mbuzi iliyooza ikawa haina harufu, ndoo moja ya lita 10 kwa mti mzima kila mwanzo wa mvua, ndiyo ninayotia mimi. Kama wako uko kwenye chungu, kijiko kimoja cha chakula cha NPK (mbolea ya dukani ya naitrojeni, fosforasi na potasi) yenye namba zinazolingana kila baada ya miezi miwili kinatosha chungu kikubwa, ukikifukia kidogo mbali na shina na kumwagia maji.

Majani ya manjano

Hapa ndipo ukaribu wa jicho unapohitajika. Chuma jani uliinue dhidi ya jua.

Kama ni majani ya chini, ya zamani, yamegeuka manjano sare kwanzia ncha hadi kikonyo na kuanguka moja moja, na ya juu ni mazima, hiyo ni njaa ya kawaida au ni uzee tu. Mti unanyonya chakula kwenye jani kuukuu na kukipeleka kwenye jani jipya. Samadi itautosha.

Kama ni majani machanga ya juu, na jani ni la manjano lakini mishipa yake imebaki kijani, iliyochoreka wazi kama mito kwenye ramani, huo ni upungufu wa chuma. Na kwenye pwani yetu chuma hakikosekani ardhini, kimefungiwa. Kimefungiwa na chokaa.

Nieleze ilivyotokea kwetu. Nyumba ilipigwa lipu upya, na mafundi kwa miezi miwili walikuwa wakioshea ndoo na mabao yao kwenye shina la mwasumini wa bibi, kwa sababu ndipo palipokuwa na udongo wa kumwaga maji. Hakuna aliyewakataza, hakuna aliyejua. Masika yakaja, mti ukachipua majani yaliyopauka kama ukili. Tukatia majivu, maana tuliambiwa majivu ni chakula. Yakatoka mengine, yamepauka zaidi, na ncha zikaanza kukauka. Tukatia maganda ya mayai yaliyosagwa.

Majivu na maganda ya mayai, vyote viwili huongeza kile kile kilichokuwa kinauua. Chokaa ikizidi huuondolea udongo asidi yake, chuma kikajishika humo kwa namna ambayo mzizi hauwezi kukinyonya. Mti unakufa na njaa na chakula kimejaa sahani.

Jaribio ni la siki, na halina gharama. Chota kiganja cha udongo kutoka chini ya shina, urefu wa kidole kwenda chini, uukaushe kivulini. Utie kwenye kikombe, udondoshee siki nyeupe, usikilize. Ukichemka na kutoa povu kama soda iliyofunguliwa, una chokaa. Wa bibi ulichemka hadi povu likapanda ukingoni mwa kikombe. Ukinyamaza kabisa, tafuta sababu nyingine.

Nyumba za Mji Mkongwe, na za Lamu na Mombasa ya kale, zimejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Kila kifusi kilichofukiwa uwandani ni chokaa. Kwa upande wa mashariki wa Unguja, kuelekea Paje, Jambiani na Makunduchi, hata bila kifusi ardhi yenyewe ni jiwe la matumbawe. Wanaoishi magharibi kwenye udongo wenye kina, kichanga au kinongo, wana nafuu kubwa, na ndiyo maana mche mmoja uliogawanywa kwa madada wawili utastawi kwa mmoja na kufifia kwa mwingine.

Dawa ya haraka ni salfeti ya chuma, inauzwa maduka ya pembejeo: gramu 5 kwa lita moja ya maji, unyunyizie majani jioni, mara moja kwa mwezi mpaka majani mapya yatoke kijani. Kuitia ardhini kwenye chokaa ni kuitupa, itafungwa kama kile cha kwanza. Ukipata chuma cha aina ya cheleti kilichotengenezewa udongo wa chokaa, hicho ndicho cha kutia mizizini. Itakayodumu ni kuuhamisha udongo: chimba shimo pana, nusu mita kila upande, toa kifusi chote, jaza udongo mwekundu na samadi iliyooza na majani yaliyooza. Au panda kwenye pipa lililokatwa nusu, lililotobolewa chini, lisilogusa ukuta.

Wa bibi tuliuchukulia vipandikizi kwanza, sita, kwa hofu. Kisha tukaukata hadi magotini, tukaung'oa na donge lake, tukautia kwenye nusu pipa. Wiki ya tano likatoka jani moja pembeni mwa shina, dogo, kijani cha kweli. Bibi aliligusa kwa kidole akaniambia niende nikamwite mama aje alione.

Kingo za majani zimeungua

Jani la kijani lenye ukingo wa kahawia, mkavu, unaovunjika kama karatasi iliyopita motoni: hiyo ni chumvi. Inaingia kwa njia mbili. Upepo wa bahari huleta chumvi juu ya majani, na utaona upande unaotazama bahari ndio ulioungua zaidi. Au ni maji ya kisima. Yaonje. Kama ulimi unahisi chumvi, mwasumini umeihisi kitambo. Kwenye chungu utaona na utando mweupe umejijenga ukingoni.

Kwa ya upepo, uoshe mti kwa maji matamu jioni na uupe kinga ya ukuta au kichaka kigumu upande wa bahari. Kwa ya kisima, kinga maji ya mvua ya bati, na kila mwezi upitishe maji matamu mengi kwenye chungu, mara tatu ya ujazo wa chungu chenyewe, yapite chini yote yaende na chumvi. Kisahani cha chini ukiondoe siku hiyo, la sivyo mti utayanywa tena.

Vitumba vinaanguka kabla ya kufunguka

Okota vitumba vilivyoanguka uvipasue kwa ukucha. Usiruke hatua hii, maana ndani ndimo mlimo na jibu.

Kitumba kikiwa kizima ndani, cheupe, kikavu, mti ulipata mshtuko: ulikauka siku mbili kisha ukafurikishwa, au ulihamishwa ukiwa na vitumba, au kaskazi ilivuma kwa ukavu wiki nzima. Maji ya kadiri, mara kwa mara, na matandazo ya makuti au majani makavu juu ya mizizi, yasiguse shina.

Kitumba kikiwa na tundu la mviringo ubavuni, na vinyesi vidogo vya kahawia, na pengine vitumba viwili vimeshonwa pamoja kwa uzi mwembamba, ni kiwavi. Chuma vyote vilivyotobolewa, kila asubuhi kwa wiki mbili. Usivitupe chini ya mti.

Kitumba kikiwa kimevimba kwenye kitako, kimegeuka zambarau kabla ya wakati, na ndani mna vibuu vyeupe vidogo mno vinavyojikunja, hao ni watoto wa inzi mdogo anayefanana na mbu. Wakishashiba hudondoka ardhini kugeuka, kwa hiyo kila kitumba unachokiacha chini ni kizazi kijacho. Kusanya, funga kwenye mfuko wa plastiki, uanike juani siku nzima ndipo utupe. Parua udongo wa juu chini ya mti kila wiki ili jua liwapate.

Kwa wote hao mwarobaini ndio dawa yangu: kiini cha mbegu kilichotwangwa, gramu 50 kwa lita ya maji, kilale usiku mzima, ukichuje kwa kitambaa, utie sabuni kidogo kishike, unyunyizie jua likishapoa. Chuma maua ya siku hiyo kwanza. Na hapa nasema kwa uzito: sumu za dukani za kuua wadudu wa pamba na mboga usizitie kwenye asumini. Kikuba kinalala kwenye nywele, kwenye kifua, karibu na pua ya mtoto anayenyonya. Maua hutandikwa kitanda cha bi harusi. Hakuna kitumba chenye thamani ya hayo.

Majani yananata, yana masizi, au yamepauka vidoadoa

Fuata sisimizi. Wakipanda na kushuka shinani kwa msafara, juu kuna anayewalisha. Geuza majani, tazama makwapa ya matawi: vidung'ata vyeupe kama pamba, au wadudu magamba waliojibandika kama vipele vya kahawia, au inzi weupe wanaoruka ukitikisa tawi. Wote hunyonya utomvu na kutoa maji matamu, na juu ya utamu ule ndipo ukungu mweusi kama masizi unapoota. Masizi yenyewe hayana neno, hufutika kwa kitambaa kibichi. Sugua wadudu kwa mswaki wa zamani na maji ya sabuni ya mche, kijiko cha chai cha sabuni iliyoyeyushwa kwa lita, urudie kila siku ya tano mara tatu. Wazuie sisimizi, na hasa majimoto, kwa kukata kila tawi linalogusa ukuta au mti mwingine. Wakiendelea kuwalinda wanyonyaji, wadudu wanaokula vidung'ata hawatasogea.

Majani yaliyopauka vidoadoa kama yametiwa vumbi la unga, tena wakati wa ukavu, ni utitiri. Shika karatasi nyeupe chini ya tawi uligonge mara mbili. Vumbi likianza kutembea, umewapata. Hawa hawapendi maji: mpira wa maji wenye nguvu chini ya majani, asubuhi, siku tatu mfululizo, mara nyingi hutosha.

Unanyauka na udongo umelowa

Hili halisubiri. Mti unaonyauka kwenye udongo mkavu una kiu. Unaonyauka kwenye udongo uliolowa umeoza mizizi, na kila kopo la maji unalouongezea linauzamisha. Ung'oe ukiwa kwenye chungu, au ufukue pembeni ukiwa ardhini. Mzizi mzima ni mweupe au wa kahawia hafifu na ni mgumu. Uliooza ni mweusi, unanuka, na ukiuvuta ganda linachomoka na kukuachia uzi mkononi. Kata vyote vilivyooza, punguza matawi kwa kadiri ile ile, pandikiza kwenye udongo mpya wenye mchanga wa mto, si wa bahari. Weka kivulini wiki mbili. Tangu hapo, maji ni pale kidole kikiingia hadi kiungo cha pili na kutoka kikavu.

Ukikuta mizizi ina vinundu ambavyo havitoki ukivisugua, ni minyoo fundo. Udongo huo usiupandie tena mwasumini. Chukua vipandikizi vya matawi ya juu, vitakuwa safi, anzia kwingine.

Maua yapo, harufu hamna

Mara nyingi ni saa ya kuchuma. Asumini hufunguka magharibi na kuendelea, na nguvu ya harufu ni usiku. Ua la asubuhi limeshatoa kilichokuwamo, na likigeuka rangi ya zambarau hafifu limekwisha. Chuma kitumba alasiri, saa tisa hadi kumi na moja, kikiwa kimejaa, cheupe kabisa, bado kimefumba. Kilicho kijani bado hakijakomaa, hakitafunguka. Wachina wanaotia asumini kwenye majani ya chai hufanya hivyo hivyo: vitumba huchumwa mchana na kuchanganywa na chai usiku vinapofunguka. Tandaza vitumba kwenye kitambaa kibichi kidogo, tunga jua likizama, kikuba kifungukie kichwani mwa mwenyewe.

Vipandikizi havishiki

Tawi lililo laini huoza, lililo gumu kama kuni halitoi mzizi. Chukua lililo kati, linalopindika bila kuvunjika, sentimita 10 hadi 15, lenye vifundo vitatu, ukilikata chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, acha mawili juu, uyapunguze nusu. Panda masika, kivulini, kwenye mchanga na mboji. Usivute kutazama kama kimeshika. Wiki ya nne hadi ya sita jani jipya litakwambia. Asiyebahatika na vipandikizi alaze tawi: lipinde hadi ardhini, likwaruze ganda kwenye kifundo, lifukie, uliwekee jiwe. Bado linanyonya kwa mama yake, kwa hiyo ni nadra kufa.

Walio mbali

Ndugu walio Muscat au Dubai, kwenye vitalu ulizieni kwa jina la full, ndilo Waarabu wengi wanalolijua ua hili. Jua la kiangazi la huko ni kali kupita mahitaji. Kivuli cha mchana kinaruhusiwa, na maji ni kila siku.

Walio Uingereza, Kanada na kwengineko kwenye theluji, mti uwe kwenye chungu na uingie ndani kabla usiku haujashuka nyuzi 10. Utaangusha majani mengi wiki za kwanza, msishtuke wala msiujazie maji kwa huruma. Uwekeni dirisha linalotazama kusini, mbali na hita, kwa sababu hewa kavu ya hita ndiyo inayoleta utitiri; karatasi nyeupe iwe karibu. Mbolea isitiwe mpaka siku zianze kurefuka. Mwisho wa majira ya baridi ukateni, na usiku ukishazoea kuwa juu ya nyuzi 12 utoeni nje kidogo kidogo, siku za kwanza kivulini, kisha asubuhi tu, kisha kutwa.